Jina la Fernandes limefikaje kwetu Mtwara na Lindi: jinsi ya kufuatilia asili yake na spelingi zake

Kama uko Mtwara mjini, Newala, Masasi, Nachingwea au Lindi na kwenye ukoo wenu kuna mtu anaitwa Fernandes, afu dada yake anaandika Fernandez, mdogo wao Fernandi, na cheti cha ubatizo cha babu yao kinasema Ferdinandi, haya maelezo ni ya kwenu. Vijiweni majibu huwa mawili tu, aidha "huyo babu yenu alikuwa Mreno" au "hilo jina la Magoa hilo", na mara nyingi anayesema hajafungua karatasi hata moja. Mi nimelipenda hili jambo muda mrefu na nimekaa na familia kadhaa za huku kupanga vyeti vyao, na kitu ninachotaka ukishike kabla ya chochote ni kwamba spelingi haikwambii damu yako imetoka wapi, inakwambia jina limepita mikononi mwa nani: padri gani, karani gani, upande upi wa Ruvuma na miaka ipi. Ukilisoma hivyo utafika mbali, ukilisoma kama kipimo cha damu litakupotosha.

Lielewe kwanza jina lenyewe

Fernandes maana yake ni mtoto wa Fernando, basi. Na Fernando ni jina la watu wa kale wa jamii ya Kijerumani, Wavisigothi, waliotawala Hispania na Ureno ya leo mpaka 711 Waarabu na Waberberi walipovuka kutoka Afrika Kaskazini. Wataalamu wanalikata vipande viwili, kipande cha mwisho kinahusu ujasiri, hicho hakina ubishi mkubwa, kipande cha mwanzo wengine wanasema ni amani wengine wanasema ni safari. Ule mkia wa -ez au -es ndo unaobeba maana ya "wa fulani", na wenyewe umetoka wapi bado wanabishana, kuna wanaoupeleka kwenye Kilatini na kuna wanaoupeleka kwenye lugha za zamani zaidi za hukohuko.

Zamani mkia huo ulikuwa unafanya kazi kweli, ulikuwa kama "bin" yetu ya Saidi bin Ali, kila kizazi kinabadilika. Ushahidi mzuri ni watawala wa Castilla, sehemu ya Hispania: kulikuwa na Gonzalo Fernández, yani Gonzalo wa Fernando, mwanae akaitwa Fernán González, huyu ndo maarufu kuliko wote na alifariki 970, mwanae García Fernández akafariki 995, mwanae tena Sancho García, akafuata García Sánchez aliyeuawa 1029. Vizazi vitano hivyo vya nyumba moja na hakuna jina la ukoo hata moja, Fernández inatokea, inapotea, inarudi, kutegemea baba anaitwa nani. Na utaona kwa Sancho García mkia haupo, García lilibebwa hivyohivyo lilivyo. Wanawake nao walibeba mkia uleule, hapakuwa na wa kiume na wa kike.

Baadaye jina likaganda. Taratibu kuanzia zama za kati mtoto akaanza kurithi Fernandes hata kama baba yake anaitwa Pedro, na mtaguso wa Trento, yani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomalizika 1563, ukaamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo na la ndoa, hapo majina yakazidi kukaa kwenye maandishi. Mfano wa jina lililokwisha ganda ni Pedro Álvares Cabral, yule aliyefika Brazili 1500 na mwaka huohuo akapita Kilwa: Álvares ni mtoto wa Álvaro, lakini baba yake aliitwa Fernão. Kwa hiyo hata kwa Wareno wenyewe, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, huwezi kuona Fernandes ukasema moja kwa moja baba yake alikuwa Fernando.

Spelingi za kule, halafu za kwetu

Hapa ndo patamu na hapa ndo watu wengi wanachanganya, kwa hiyo nenda polepole.

Kireno cha leo ni Fernandes, s mwishoni, hakuna alama juu. Kihispania ni Fernández, z mwishoni na alama juu ya a. Mpira utakusaidia kukumbuka: Bruno Fernandes ni Mreno, Enzo Fernández ni wa Argentina. Lakini usikimbilie kusema kila z ni Mhispania maana Wareno wenyewe waliandika Fernandez kwa z karne nyingi, iliyosimamisha s ni marekebisho ya tahajia ya Ureno ya 1911. Ukikuta karatasi ya Kireno ya kabla ya hapo ina z, hiyo ni tahajia ya wakati wake tu.

Halafu kuna Hernández. Ni jina lilelile. Kihispania cha Castilla kilidondosha f ya mwanzo kwenye maneno mengi, Mreno anasema filho kwa mtoto wa kiume, Mhispania anasema hijo, Mreno fazer, Mhispania hacer, na Fernando akawa Hernando, Fernán akawa Hernán. Ndo maana Xavi Hernández na Rodri, ambaye jina lake kamili ni Rodrigo Hernández Cascante, jina lao lina mzizi mmoja na la Bruno. Asturias huko kaskazini f ilibaki, na mpaka leo Fernández wamejaa huko, wakati Meksiko waliojaa ni Hernández. Upande wa Valencia na Catalunya Fernando anaitwa Ferran, kama Ferran Torres, na watoto wa Ferran wakawa Ferrandis, Ferrandiz, Ferrández. Kuna Hernanz pia. Ferreira haimo humu kabisa, hiyo inatoka kwenye chuma na kazi ya uhunzi, ila nimeona watu wakiiunganisha kwa sababu tu herufi za mwanzo zinafanana.

Mtu mmoja anaweza kubeba karibu spelingi zote hizi peke yake. Yule baharia tunayemsoma shuleni kama Ferdinand Magellan kwao Ureno ni Fernão de Magalhães, alipohamia kwa Wahispania akawa Fernando au Hernando de Magallanes. Na ana uhusiano na pwani yetu, alikuwemo kwenye msafara wa Francisco de Almeida wa 1505, ule ulioiteka Kilwa na kujenga ngome. Hapo naomba tuelewane, Wareno waliondoka Kilwa 1512. Mtu wa leo wa Newala au Kilwa Masoko akikwambia Fernandes yao imetokana na ile ngome, mwombe karatasi, kwa sababu anaruka zaidi ya miaka mia nne bila kukanyaga chini.

Sasa kwetu. Mreno wa Ureno akilitamka jina hili ile s ya mwisho inasikika kama sh, na wazee wetu wanaoongea Kimakonde wanaweka l mahali pa r na wanatia irabu katikati ya konsonanti, kwa hiyo kutoka kinywani kwa babu kwenda kwenye sikio la karani unapata Felenandi, Fenandi, Fernandeshi, Felnandes, Fernandisi. Hizo zote zihesabu kama jina moja mpaka karatasi ikuoneshe vinginevyo. Kwenye kutafuta ziandike pembeni kabisa, maana ukitafuta Fernandes peke yake utaacha nusu ya ndugu zako nje.

Ferdinandi ina habari yake. Wabenediktini wa Ndanda, misheni iliyoanzishwa 1906, walikuwa Wajerumani, na Wajerumani Fernando wanamwita Ferdinand. Daftari za ubatizo za zamani ziliandikwa kwa Kilatini, mtoto anaandikwa Ferdinandus, na mtoto wa Ferdinand anaandikwa filius Ferdinandi. Kwa hiyo Ferdinandi ya kwenye cheti inaweza kuwa Kiswahili tu kimeongeza i mwishoni, au inaweza kuwa Kilatini kinachosema "wa Ferdinand", na tofauti hiyo ni kubwa kwani ya pili inakutajia baba wa mtoto. Mtakatifu wenyewe ni mmoja, Ferdinand wa tatu, mfalme wa Castilla aliyefariki tarehe 30 Mei 1252 na kutangazwa mtakatifu 1671, sikukuu yake ni hiyo hiyo 30 Mei. Ukikuta babu alizaliwa au alibatizwa mwishoni mwa Mei, weka alama hapo, inawezekana jina lilichaguliwa kwa kalenda tu na Mreno hayupo kwenye hadithi kabisa.

Fernando si Fernandes

Nimeitenga hii kwa sababu imetatua mambo kwa familia nyingi. Msumbiji watu wengi wanabeba jina la baba kama jina la mwisho, vilevile kama sisi na majina yetu matatu, mtoto, baba, babu. Kwa hiyo anayeitwa Paulo Fernando mara nyingi baba yake mzazi ndo Fernando, jina la ubatizo, na hapo hakuna ukoo wa Kireno wa kutafuta. Anayeitwa Paulo Fernandes jina lake limeshaganda, limerithiwa au limepewa, na swali linakuwa limepewa na nani: msimamizi wa ubatizo, mwajiri wa shambani, padri, karani wa utawala. Halafu jina likivuka mto, karani wa huku anayemjua Fernandes wa kwenye mpira kuliko Fernando anaweza kuongeza s bila kuuliza. Kabla hujajenga mti wowote wa ukoo hakikisha babu alikuwa Fernando au Fernandes, na usikubali jibu la kukumbuka tu, tafuta kitu kilichoandikwa wakati wa uhai wake.

Angalia pia kwamba Wamakonde wengi maarufu wa ng'ambo walibaki na jina la kwao mwishoni na la Kireno mbele. Filipe Jacinto Nyusi, rais wa Msumbiji aliyepita, mzaliwa wa Mueda aliyesoma shule ya FRELIMO Tunduru akiwa mtoto. Alberto Joaquim Chipande vilevile wa Mueda. Kwa hiyo kama kwenu mnajua Fernandes tu, uliza kwa nguvu zote jina la Kimakonde au la Kimakua lilikuwa nani, maana uwezekano mkubwa lipo na kuna bibi analijua.

Jinsi ya kuanza kazi yenyewe

Anza na wazee na usianze na karatasi, kwa sababu karatasi zinasubiri. Nenda kwa bibi, toa shikamoo, kaa, usitoe simu na kuanza kurekodi dakika ya kwanza. Sisi watu wa huku, Wamakonde, Wamakua, Wamwera, Wayao, ukoo wetu kwa asili unashikwa upande wa mama, kwa hiyo mtu anayejua zaidi kuhusu huyo Fernandes anaweza asiwe mwanae bali mpwa wake, mtoto wa dada yake. Watu wengi wanakosea hapa, wanafuata jina kwa baba, kwa baba, kwa baba, kama mfumo wa jina ulivyo, wakati kumbukumbu zenyewe ziko kwa mjomba na kwa watoto wa dada. Uliza hivi: alivuka mto akiwa na nani, alivukia wapi, alifikia kwa nani, alifanya kazi shamba gani, alibatizwa kabla ya kuvuka au baada, msimamizi wake nani, aliitwaje na mama yake. Hilo la mwisho ndo litakupa jina la kwao.

Vukio lina maana kubwa. Waliokuja kabla ya vita wengi walifuata kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Mtwara, wengine wakafika mpaka Tanga. Tarehe 16 Juni 1960 yakatokea mauaji ya Mueda, FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vita vikaanza tarehe 25 Septemba 1964, na kuanzia hapo wakimbizi walivuka kwa wingi kuja upande huu mpaka uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni 1975. Kwa hiyo mzee akisema "tulikuja wakati wa vita" umeshapata miaka. Akisema alikuwa Nachingwea kwenye kambi ya FRELIMO uliza jina la vita, wapiganaji walikuwa wanapewa majina mengine na inawezekana hilo Fernandes ndo lilikuwa jina la kazi.

Na kama ukoo unasema wametoka Kionga, ule upande wa kusini wa mdomo wa Ruvuma, kumbuka Wajerumani walipachukua 1894 na Wareno wakaparudisha 1916. Mtu aliyezaliwa pale kati ya miaka hiyo alizaliwa chini ya Mjerumani hata kama leo ni Msumbiji.

Ukishamaliza na wazee, kusanya karatasi zote zilizopo ndani ya nyumba, zile za kwenye sanduku, na kwenye bahasha ya vyeti vya shule: cheti cha ubatizo, cha ndoa, kadi ya TANU au CCM, kitambulisho cha zamani, hati ya shamba la mikorosho, barua, hata maandishi kwenye kaburi. Piga picha kila moja mbele na nyuma. Kwenye daftari andika mistari: mwaka, mahali, nani aliandika, spelingi ilivyo herufi kwa herufi. Ukizipanga kwa miaka utaona mahali spelingi inapogeuka, na pale inapogeuka ndo pana habari, mara nyingi ni ubatizo, kuvuka mpaka, kuanza shule au kuandikishwa kitambulisho.

Halafu nenda parokiani. Wakatoliki wa huku wengi watakuwa kwenye daftari za parokia zilizokuwa chini ya Ndanda, Waanglikana wa Masasi nao wana historia ndefu, misheni ya UMCA ilifika Masasi 1876. Usiende siku ya Jumapili baada ya misa, padri ana watu mia. Nenda siku ya kazi asubuhi, jitambulishe, peleka mwaka wa kukadiria na jina la kijiji, na omba uone ukurasa wenyewe wa daftari badala ya kuandikiwa cheti kipya, maana cheti kipya kinaandikwa kwa spelingi ya anayekiandika leo. Kwenye daftari utapata jina la baba, jina la mama, kijiji, na msimamizi. Msome sana msimamizi. Kama mtoto ni Ferdinandus na msimamizi naye ni Ferdinandus, jina umeshajua limetoka wapi. Soma pia maandishi ya pembeni, mtu akifunga ndoa parokia nyingine huwa wanarudisha taarifa na kuiandika pale.

Kijiji kinachotajwa unaweza usikione leo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 70 ilihamisha watu sana kusini, kwa hiyo uliza mahame, wazee wanayajua kwa majina.

Ukilazimika kuvuka Ruvuma

Kuvuka sio lazima kwa kila mtu ila ikibidi, jipange. Daraja la Umoja pale Mtambaswala liko tangu 2010, na kuna wanaopitia Kilambo. Hali ya usalama Cabo Delgado ulizia kwanza, tangu 2017 kumekuwa na mashambulizi na watu wamehama maeneo mengi, kwa hiyo daftari za sehemu nyingine zinaweza zisifikike. Kuna mengi unaweza kufanya kwa ndugu au mtu unayemwamini aliye Pemba, ambayo kwenye karatasi za Mreno inaitwa Porto Amélia, usije ukaitafuta Pemba ya Zanzibar.

Ofisi ya vizazi inaitwa Conservatória do Registo Civil, na unachoomba ni certidão de nascimento, yani cheti cha kuzaliwa. Ila elewa jambo moja, chini ya Mreno Mwafrika wa kawaida alihesabiwa indígena, yani mzawa asiye raia kamili, na sheria hiyo ilifutwa 1961 tu, kwa hiyo wazee wengi wa zamani hawakuandikishwa kama raia, wapo kwenye daftari za misheni, kwa Wamakonde kwa mfano misheni ya Nangololo, na kwenye vitabu vya kodi. Walikuwa na kijitabu kinaitwa caderneta, kama babu alikihifadhi ni hazina.

Tafuta kwa tahajia yao. Kireno hakitumii k na w kama sisi, k inaandikwa c au qu, ile sh yetu inaandikwa x au ch, kwa hiyo Makonde ni Maconde, Kionga ni Quionga, Ruvuma ni Rovuma. Maneno machache ya kushika: filho de ni mtoto wa kiume wa, filha de wa kike, pai ni baba, mãe mama, padrinho na madrinha wasimamizi, natural de ni mzaliwa wa, pai incógnito ni baba hajulikani. Hiyo ya mwisho isikushtue wala isikuhuzunishe, kwenye ndoa za kimila ambazo padri hakuzitambua iliandikwa hivyo hata baba akiwa anajulikana na kijiji kizima.

Mpangilio wa majina nao unapotosha watu. Mreno anaanza na jina la ukoo wa mama, la baba linakaa mwisho: Cristiano Ronaldo dos Santos Aveiro, dos Santos ya mama, Aveiro ya baba. Mhispania kinyume chake, la baba mbele, la mama mwisho, ndo maana Rodri ni Hernández Cascante. Ukikosea hapo utamfuata bibi ukidhani unamfuata babu. Na kwenye daftari za ubatizo za Ureno za zamani mtoto anaandikwa jina lake la kwanza tu, jina la ukoo analichukua akikua, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti.

Kwenye hati za zamani za mkono Fernandes huandikwa kwa kifupi, Frz. Rodrigues inakuwa Roiz, Gonçalves inakuwa Glz. Ukikutana na Frz usidhani ni jina geni.

Kama ni Goa

Kama familia inasema ni ya Kigoa njia inageuka kabisa na kwa kweli inakuwa rahisi zaidi, kwa sababu Magoa wana kumbukumbu nzuri sana za vijiji. Mreno alishika Goa 1510 na akaondolewa na India Desemba 1961. Watu walipobatizwa walipewa jina la padri au la msimamizi Mreno, kijiji kizima kikawa Fernandes, au Dias, au Rodrigues, bila kuwa na damu moja na bila kuwa na damu ya Kireno. Baadaye wengi walikuja Afrika Mashariki enzi za Mwingereza kama makarani, mafundi cherehani, wapishi, watu wa forodha. Usiulize tu "ni Fernandes gani", uliza kijiji gani cha Goa, parokia gani, wilaya ya Bardez au Salcete, na jina la ukoo la kabla ya ubatizo, maana wapo wanaokumbuka kwamba zamani walikuwa Prabhu, Kamat au Naik. Sehemu ya daftari za parokia za Goa zimepigwa picha na ziko kwenye tovuti ya FamilySearch, ambayo ni bure, unajisajili tu. Mangalore nako, kusini zaidi ya Goa, wapo akina Fernandes Wakatoliki, na Sri Lanka wapo waliobaki na Fernando kama jina la ukoo.

Kwa wale wachache wenye ushahidi wa kweli wa kwenda mpaka Ureno, Torre do Tombo, hifadhi ya nyaraka ya Lisbon, imeweka picha za daftari za parokia mtandaoni kupitia tovuti ya Digitarq, bure pia, lakini huwezi kuanza na jina, lazima uwe na parokia. Fernandes bila parokia ni kupoteza bando.

Vitu vya kukwepa

Usinunue nembo ya ukoo. Kuna tovuti ukiandika Fernandes zinakuletea ngao yenye simba na rangi, unalipia wanakutumia. Ngao zilitolewa kwa mtu au nyumba fulani, hazikutolewa kwa jina, na akina Fernandes ni maelfu kwa maelfu wasio na uhusiano.

Usiamini pia orodha zinazosema majina ya -es na -ez ni ya Kiyahudi. Zilisambaa sana kipindi Uhispania na Ureno zilipotunga sheria za uraia kwa wazao wa Wayahudi waliofukuzwa, miaka ya karibu na 2015. Wayahudi waliobatizwa walichukua majina ya kawaida ya majirani zao Wakristo, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi kitu, iwe ndiyo au hapana. Na jina linaweza kutoka ofisini kabisa, Ufilipino mwaka 1849 gavana Mhispania aliamuru watu wapewe majina kutoka kwenye kitabu cha orodha. Ukikutana na Mfilipino Fernandez usimkumbatie kama binamu kabla hujaona karatasi.

Kuhusu vipimo vya vinasaba, subiri. Kwa ukoo wa upande wa mama kama wetu, maswali mengi unayoyataka yatajibiwa na mjomba na daftari la parokia kwa nauli ya kwenda Ndanda.

Kuchagua spelingi moja ya sasa

Hapa siyo historia tena, ni maisha, maana spelingi zikipishana kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule mtoto anahangaika kwenye mkopo wa chuo na mzee anahangaika kwenye mafao. Kaeni kama familia mchague moja. Mi nashauri mfuate iliyo kwenye nyaraka nyingi za watu walio hai, hata kama siyo ya Kireno sanifu. Fernandi ambayo watoto wote sita wanaiandika ina faida kuliko Fernandes iliyo sahihi Lisbon ila haipo kwenye cheti cha mtu yeyote. Ikishachaguliwa, nendeni kwa wakili mkaandike kiapo kinachotaja spelingi zote zilizowahi kutumika kwamba ni mtu mmoja, ziandikeni zote bila kuacha hata ile ya kadi ya kliniki, halafu muulize RITA na NIDA wanataka nini cha ziada kwa hali yenu. Kama ni kubadili jina kabisa na sio kusawazisha spelingi, hiyo ni hati nyingine, wakili atawaeleza.

Kwenye daftari lenu la ukoo lakini msisawazishe chochote. Palipoandikwa Felenandi acheni Felenandi, palipoandikwa Ferdinandus acheni Ferdinandus, na pembeni wekeni mwaka, parokia, kijiji na jina la msimamizi, pamoja na lile jina aliloitwa na mama yake.